Kutoka Titi hadi Kikombe: Kumfundisha Mtoto Kunywa kwa Usalama

SOMO LA AFYA YA FAMILIA

Mtoto anapokaribia miezi sita, familia nyingi za Kilifi huwa zimeshajua atakula nini: uji wa wimbi au wa mtama, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, samaki aliyetolewa miiba. Swali ambalo huulizwa mara chache ni atakunywea nini. Ndiyo maana mtoto mmoja hupewa chupa yenye chuchu ya mpira, mwingine hunyweshwa kwa kijiko hadi amalize mwaka, na wa tatu hujifundisha mwenyewe siku anaponyakua kikombe cha chai cha babake.

Somo hili limeandaliwa kwa wazazi, nyanya, yaya na ndugu wakubwa wanaobaki na mtoto mama anapokuwa shambani, sokoni au kazini. Linaeleza kwa nini kikombe ni bora kuliko chupa, jinsi ya kumfundisha mtoto kukitumia, vinywaji vinavyomfaa, na hatari inayoanza siku ile ile anapojua kunywa bila kusaidiwa. Mwishoni kuna maswali yanayoweza kujadiliwa katika chama, katika mkutano wa kijiji au wakati mhudumu wa afya ya jamii anapotembelea boma.

KWA NINI KIKOMBE, SI CHUPA

Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF hushauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, bila hata maji. Baada ya hapo aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Kwa mpango huo, mtoto anayenyonya vizuri hana haja ya kupitia chupa hata kidogo. Anaweza kutoka kwenye titi moja kwa moja hadi kwenye kikombe.

Sababu ya kwanza ni usafi. Kikombe kina mdomo mpana. Sabuni, maji na kidole hufika kila pembe, na uchafu ukibaki unaonekana. Chupa ya mtoto ina shingo nyembamba, pete ya kufungia na chuchu ya mpira yenye tundu dogo. Mabaki ya maziwa au uji hujificha katika sehemu hizo, na kwa joto la Pwani vijidudu huongezeka humo kwa muda mfupi. Chupa hutakiwa kusuguliwa kwa brashi yake na kuchemshwa. Katika boma ambalo maji hununuliwa kwa mtungi na kuni ni za kutafutwa mbali, kazi hiyo ni rahisi kuahirishwa, na anayelipia ni mtoto kwa kuharisha.

Sababu ya pili ni jinsi chupa inavyotumika. Wapo wanaokata tundu la chuchu ya mpira liwe kubwa ili uji mzito upite. Uji huo humiminika kwa kasi ambayo mtoto haiwezi, akapaliwa. Wapo pia wanaomwachia mtoto chupa mdomoni alale nayo. Maziwa au kinywaji chenye sukari kikikaa kwenye meno usiku kucha, meno ya mbele huanza kuoza yakiwa hayajamaliza hata mwaka.

Sababu ya tatu ni kwamba chupa haimlazimu mlezi kukaa na mtoto. Kikombe humlazimu. Anayemnywesha mtoto kwa kikombe humshika, humtazama usoni, na hujua ameshiba au bado.

Sheria ya Kenya nayo imelitazama jambo hili. Sheria ya mwaka wa 2012 ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama inapiga marufuku kutangaza na kuvumisha maziwa ya kopo ya watoto wachanga, na vizuizi hivyo vinahusu pia chupa za kunyonyea na chuchu za mpira. Duka linaweza kuuza chupa, lakini mama hatakiwi kushawishiwa kwa matangazo au zawadi aione kuwa kitu ambacho kila mtoto lazima awe nacho.

MDOMO WA MTOTO UNAJIFUNZA NINI

Wengi hudhani kikombe ni cha mtoto mkubwa. Ukweli ni kwamba hata mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, ambaye bado hana nguvu za kunyonya, huweza kupewa maziwa aliyokamuliwa na mamake kwa kikombe kidogo. Wauguzi wa wodi za watoto wachanga huwafundisha akina mama kufanya hivyo. Mtoto hulamba maziwa kwa ulimi, kidogo kidogo, kwa mwendo wake. Kwa hiyo mama anayerudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu au minne anaweza kumwachia yaya maziwa yaliyokamuliwa na kikombe, bila chupa.

Hata hivyo, kunywa kama mtu mzima ni ujuzi unaokuja kwa hatua. Mtoto akinyonya, ulimi wake huenda mbele na nyuma. Akinywa kwa kikombe, anatakiwa aweke mdomo wa chini kwenye ukingo, afunge mdomo wa juu, avute kiasi kidogo, akishike kinywani, kisha ameze na kupumua. Ni mambo mengi kwa mtu ambaye juzi tu alikuwa hajui kukaa.

Kwa kawaida hatua huwa kama ifuatavyo:

Miezi 6 hadi 8. Mtoto hukaa akiegemezwa na kichwa chake kimetulia. Hufungua mdomo akiona kikombe. Sehemu kubwa ya maji humwagika kidevuni, na huenda akauma ukingo wa kikombe. Hiyo si ukaidi. Anatafuta namna ya kukituliza.

Miezi 9 hadi 11. Hutaka kukishika kwa mikono yote miwili na kukivuta kwake. Hunywa mafunda mawili matatu, kisha hukisukuma.

Miezi 12. Kwa mujibu wa orodha ya hatua za ukuaji iliyorekebishwa mwaka wa 2022 na taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, watoto wengi wa umri huu huweza kunywa kwa kikombe kisicho na kifuniko, mtu mwingine akiwa amekishika.

Miezi 18. Orodha hiyo hiyo inaonyesha kuwa watoto wengi hunywa kwa kikombe kisicho na kifuniko wenyewe, ingawa mara nyingine humwaga.

Watoto hawalingani. Anayechelewa mwezi mmoja au miwili hana ugonjwa. Lakini mtoto anayekohoa au kupaliwa kila anapokunywa, ambaye maji humtokea puani mara kwa mara, au ambaye alikuwa akinywa vizuri kisha akaacha, apelekwe kituo cha afya akachunguzwe.

HATUA KWA HATUA

1. Kuchagua wakati. Mtoto awe macho, ametulia na hana njaa kali. Mwenye njaa kali anataka titi na hana subira ya kujifunza. Wakati mzuri ni anapokula, mlo wa asubuhi au wa mchana.

2. Kunawa mikono. Mlezi anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha amnawishe mtoto, kwa maana mikono yake nayo itaingia kikombeni.

3. Kumkalisha wima. Akae pajani mwa mlezi, mgongo ukiegemea kifua au mkono. Mtoto aliyelala chali asinyweshwe kitu chochote kwa kikombe.

4. Kutia kidogo. Vijiko viwili au vitatu vya maji yaliyotibiwa vinatosha kuanzia. Akimwaga, hakuna kilichopotea.

5. Kugusisha, si kumimina. Ukingo wa kikombe uwekwe juu ya mdomo wa chini, kisha kikombe kiinamishwe hadi maji yaguse midomo. Hapo mlezi asubiri. Mtoto ndiye avute. Kumimina maji kinywani ndiko kunakosababisha kupaliwa.

6. Kumpa nafasi ya kumeza. Baada ya kila funda kikombe kishushwe kidogo. Akigeuza kichwa au kufunga mdomo, ameshasema basi.

7. Kurudia kila siku. Mara mbili au tatu kwa siku, kila mara dakika chache, ni bora kuliko somo refu la siku moja kwa wiki.

8. Kumwachia ajaribu. Kuanzia miezi tisa hivi apewe kikombe chepesi akishike mwenyewe, mkono wa mlezi ukiwa chini yake. Atalowa. Kitambaa shingoni na mkeka unaofutika haraka vinatosha kumaliza ugomvi.

Watoto huiga. Mtoto aliyekaa na wenzake wakati wa chakula, akiwaona wakinywa, hujifunza upesi kuliko anayelishwa peke yake pembeni. Nyanya aliyelea watoto wengi anaweza kuwa mwalimu mzuri kuliko yeyote, mradi akubaliane na mama kuhusu mambo mawili: hakuna kumlazimisha mtoto kwa kumbana pua, na hakuna kumtia kinywaji angali analia.

KIKOMBE KIPI KINAFAA

Hakuna haja ya kununua kitu maalumu. Kikombe kidogo cha plastiki ngumu, cha chuma kisichoshika kutu au cha bati kisichobambuka rangi kinafaa. Kiwe na ukingo laini na kiwe chepesi. Bilauri ya kioo si ya mtoto. Atauma ukingo wake, nao unaweza kuvunjika. Mkebe uliofunguliwa kwa kisu una makali. Kopo lililokuwa na rangi, dawa ya mifugo au mbolea lisitumike kwa chakula wala kinywaji hata likioshwa mara ngapi.

Vikombe vyenye kifuniko na mdomo wa kunyonyea, vinavyouzwa madukani, husaidia safarini kwa sababu havimwagi. Lakini mtoto anayetumia hicho peke yake huendelea kunyonya badala ya kujifunza kunywa, na kile kifuniko kina mianya kama ya chupa. Kikitumika, kifunguliwe chote na kusuguliwa kila mara. Nyumbani kitumike kikombe kilicho wazi.

KITIWE NINI NDANI

Maziwa ya mama ndiyo kinywaji kikuu hadi mwaka mmoja, na hubaki na thamani kubwa hadi miaka miwili na zaidi.

Maji. Kati ya miezi 6 na 12 mtoto anayenyonya anahitaji maji kidogo tu pamoja na chakula, kiasi cha mililita 120 hadi 240 kwa siku, yaani kama nusu kikombe hadi kikombe kimoja. Kwa kulinganisha, chupa ya soda ya kioo iliyozoeleka ina mililita 300. Akinyweshwa maji mengi kabla ya kula, tumbo hujaa na chakula hukataliwa.

Maziwa ya ng'ombe au mbuzi yachemshwe. Kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, takriban nusu lita kwa siku inatosha. Anayekunywa maziwa mengi kupita kiasi hukosa hamu ya kula, na kwa kuwa maziwa hayana madini ya chuma ya kutosha, anaweza kupungukiwa na damu.

Chai. Hapa pana mazoea ya kuachwa. Chai, iwe ya rangi au ya maziwa, ina vitu vinavyozuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwa kunde, mboga na nafaka. Mtoto anayekula mkate kwa chai asubuhi na jioni hushiba, lakini hajengi damu. Uji uliotiwa maziwa au karanga zilizosagwa ni bora mara nyingi.

Soda, sharubati za paketi na vinywaji vya unga wenye rangi. Mwongozo wa WHO wa mwaka wa 2023 unashauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vinywaji vilivyotiwa sukari. Embe lililopondwa au papai lina utamu wake, na linakuja na nyuzinyuzi ambazo sharubati haina.

Asali isitiwe katika maji wala uji wa mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha ugonjwa hatari wa kulegea misuli.

Mnazi na pombe nyingine. Mtoto hapaswi kuonjeshwa hata tone. Pombe hushusha sukari katika damu ya mtoto mdogo, na anaweza kupata degedege au kupoteza fahamu. Mboko au chupa ya mnazi isiachwe chini na masalio ndani yake baada ya wageni kuondoka.

MAJI YAWE SALAMA

Si kila boma la Kilifi lina mfereji. Wapo wanaotegemea mabwawa ya mvua, wengine visima, wengine maji ya mkokoteni ambayo hayajulikani yalikochotwa. Maji ya mtoto yatibiwe kila siku, hata yakionekana meupe.

Yanayoonekana machafu yaachwe yatulie, kisha yachujwe kwa kitambaa safi. Baada ya hapo yachemshwe hadi yatokote kwa nguvu kwa muda usiopungua dakika moja, yafunikwe na kuachwa yapoe kwenye sufuria hiyo hiyo. Asiyekuwa na kuni za kutosha atumie dawa ya klorini ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, na angoje kwa muda ulioelekezwa kabla ya kuyatumia.

Maji yaliyotibiwa huchafuliwa tena na kikombe kinachochovywa na kila mtu. Chombo chenye mfuniko na bomba ni bora. Kisipokuwapo, kata yenye mpini mrefu itumike kuchotea na itundikwe, isiwekwe sakafuni. Ndoo zenye maji zifunikwe pia kwa ajili ya mtoto mwenyewe. Aliyejua utamu wa kikombe ataifuata ndoo akachote, na mtoto wa mwaka mmoja akitumbukia kichwa anaweza kufa maji hata kama maji ni machache.

ALIYEKWISHA KUZOEA CHUPA

Mama ambaye mtoto wake tayari anatumia chupa hana haja ya kulaumiwa wala ya kuitupa chupa leo usiku. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri chupa iondolewe kati ya miezi 12 na 18, na kazi hiyo hufanyika polepole.

Kwanza iondolewe chupa ya mchana, mahali pake pawekwe kikombe. Baada ya siku nne au tano, iondolewe ya asubuhi. Ya usiku huwa ya mwisho kwa sababu mtoto huihitaji kwa faraja zaidi ya njaa. Hapo wimbo, mgongo wa kubebwa na kikombe cha maziwa kabla ya kupiga meno mswaki huchukua nafasi yake. Njia nyingine inayosaidia ni kutia maji matupu kwenye chupa na maziwa kwenye kikombe. Mtoto hupima mwenyewe, na mara nyingi hukifuata kikombe.

Jambo moja ni la lazima: nyumba nzima ishike msimamo mmoja. Mama akiondoa chupa nyanya akairudisha mchana, mtoto hujifunza kulia zaidi.

MTOTO AKIUGUA, KIKOMBE NI DAWA

Faida ya mafunzo haya huonekana zaidi siku ya ugonjwa. Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi, na hilo ndilo linaloua. Tiba ya kwanza ni chumvichumvi ya ORS pamoja na vidonge vya zinki. ORS huchanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha. Hupewa kwa kikombe, funda dogo dogo. Akitapika, mlezi hungoja dakika 10, kisha huendelea polepole zaidi. Zinki huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma. Mtoto aliyezoea kikombe hukubali ORS bila vita.

Faida ya pili ni kwamba mlezi anajua jinsi mtoto wake anavyokunywa siku zote, kwa hiyo atatambua mapema mambo yakibadilika. Mtoto anayeshindwa kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, anayepata degedege, au aliyelegea asiyeamka vizuri, ana dalili ya hatari. Huyo asingojee kesho. Apelekwe kituo cha afya mara moja, mchana au usiku.

AKISHAJUA KUNYWA, CHUPA YA SODA NI HATARI

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui kusoma. Anajua umbo. Ameona watu wazima wakifungua chupa ya soda au ya maji na kunywa, na anaamini kila kilicho katika chupa hiyo ni kitamu. Ndiyo maana mafuta taa yaliyonunuliwa kwa kipimo kidogo na kutiwa katika chupa ya soda ni mtego. Ni meupe kama maji, yako chini karibu na stovu, na mkono wa mtoto unafika.

Mafuta taa hayadhuru tumboni tu. Hatari yake kubwa ni mapafu. Yakipita njia ya hewa wakati wa kumeza, kukohoa au kutapika, huchoma mapafu na mtoto hushindwa kupumua. Vitu vingine vinavyopatikana katika chupa za vinywaji ni dawa ya kung'arisha nguo, dawa ya kuogeshea mifugo, dawa ya kunyunyizia mimea, magadi makali ya kutengenezea sabuni na tindikali ya betri. Magadi na tindikali huunguza koo, na kovu lake linaweza kumfanya mtoto ashindwe kumeza chakula maisha yake yote.

Kinga yake haina gharama kubwa:

Mafuta taa na dawa zisitiwe kamwe katika chupa ya soda, ya maji au ya sharubati. Zibaki katika chombo chake cha asili, au katika mtungi wa rangi tofauti usiotumika kwa kinywaji.

Viwekwe juu, mahali pa kufungwa, mbali na chakula. Chini ya kitanda na nyuma ya mlango si mahali pa kuficha. Ni njia ya mtoto anayetambaa.

Dawa za hospitali zisiitwe peremende ili mtoto akubali kumeza. Siku atakapozipata peke yake, atazila kama peremende.

Chai ya moto na chupa ya chai viwe katikati ya meza au juu ya kabati, si kwenye mkeka. Asiyeshikwa asibebwe na mtu mwenye kikombe cha moto mkononi.

HUDUMA YA KWANZA

Akinywa mafuta taa au sumu nyingine: asitapishwe. Asipewe maziwa, mafuta ya kupikia, mayai mabichi wala maji ya chumvi. Mafuta taa yakirudi juu ndipo huingia mapafuni, na tindikali ikirudi huunguza koo mara ya pili. Mlezi amfute mdomo, amvue nguo zilizolowa, aoshe ngozi kwa maji na sabuni, na ampeleke hospitali mara moja pamoja na chupa aliyonywea, ili daktari ajue ni nini. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua alazwe ubavu. Hata akionekana mzima apelekwe, kwa sababu dalili za mapafu zinaweza kuchelewa, na madaktari humwangalia kwa saa kadhaa kabla ya kumruhusu.

Akiungua kwa chai au uji: avuliwe nguo zilizolowa iwapo hazijagandamana na ngozi, kisha sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Yasiwe ya barafu. Asipakwe dawa ya meno, unga, mafuta wala asali. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi na mtoto apelekwe hospitali.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika boma, nani humnywesha mtoto wakati mama hayupo? Je, anajua kumkalisha wima na kungoja avute mwenyewe?

2. Mtoto wa miezi minane anamwaga nusu ya maji kidevuni. Je, hiyo ni sababu ya kumrudishia chupa? Kwa nini?

3. Ni kinywaji gani watoto wa kijijini hupewa zaidi, na kinaathiri vipi damu na meno yao?

4. Mafuta taa yamewekwa wapi leo, na katika chombo gani? Kila mwanakikundi arudi nyumbani akaangalie kabla ya usiku kuingia.

5. Mtoto amekunywa kitu kutoka kwa chupa isiyojulikana. Ni mambo gani matatu ya kufanya, na matatu ya kutofanya?

MAHALI PA KUPATA USAIDIZI

Mzazi mwenye swali kuhusu lishe au ukuaji wa mtoto amwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, au afike zahanati iliyo karibu akiwa na kijitabu cha mama na mtoto. Siku ya kliniki mtoto hupimwa uzito na urefu, na mzazi anaweza kumwomba muuguzi amwonyeshe kwa vitendo jinsi ya kumnywesha kwa kikombe. Wiki za Malezi Bora, ambazo huadhimishwa mwezi wa Mei na wa Novemba, ni fursa nyingine ya mtoto kupata matone ya vitamini A kuanzia miezi sita na dawa za minyoo kuanzia mwaka mmoja.

Wakazi wanaombwa kulisoma somo hili pamoja na wale wasiojua kusoma, na hasa na yaya na ndugu wakubwa wanaobaki na watoto nyumbani.